Sketi Niliyoambiwa Niichome

Mimi si mtu wa kutulia. Uzi ukiisha kwenye cherehani, miguu yangu huendelea kukanyaga pedali. Mteja akisitasita kusema anataka shingo ya duara au ya pembe, mimi nimeshamkata kauli na kuanza kumpima. Ndiyo maana hata leo sijielewi. Niliwezaje kukaa wiki tano na sketi ya mtu imekunjwa chini ya meza yangu, pasi ya makaa ipo, kiberiti kipo, nimeambiwa niichome, na sikuichoma wala sikusema neno?

Kibaraza changu kiko Bwera, kwenye barabara inayoteremka kwenda mpakani Mpondwe. Nashona kila kitu, lakini kinachonilisha ni sare za kina mama Wakatoliki wa parokia yetu, wengi wao wamevuka kutoka upande wa Beni na Butembo kama mimi. Sare ni kitenge cha buluu chenye sura ya Bikira Maria ndani ya duara kubwa kama sahani, na sura hiyo inajirudia kitambaa kizima. Hapo ndipo kazi ilipo. Sura moja lazima iangukie mgongoni, katikati ya mabega. Nyingine iwe mbele ya sketi, juu kidogo ya magoti. Lakini nyuma, pale mtu anapokalia, pawe buluu tupu. Mama Mkatoliki hawezi kumkalia Mama wa Mungu usoni. Fundi akikosea hapo, hata mishono yake ingekuwa mizuri namna gani, nguo hiyo haivaliki.

Aliyenifundisha hayo ni mama mmoja tuliyemwita Mama Mukubwa. Hakuwa dada wa mama yangu, wala hatukuwa na ukoo. Nilivuka mpaka nikiwa na mfuko mmoja na simu isiyo na chaji, nikaketi chini ukutani kwake kwa sababu palikuwa na kivuli. Yeye alikuwa amevuka miaka mingi kabla yangu, alikuwa na kishamba cha kahawa nyuma ya nyumba na vyerehani viwili barazani. Akanitazama, akasukuma kigoda kwa mguu.

"Ikala," akasema.

Nikakaa. Hakuniuliza nimetoka wapi mpaka nilipomaliza kula.

Mwaka ule wa kwanza nilifanya kosa ambalo kila fundi wa sare anaota ndoto mbaya juu yake. Sikukuu ilikuwa kesho yake, kitambaa kilikuwa kimekwisha mpaka kingine kitoke Butembo, na mimi kwa haraka zangu nilikunja kitenge nikakata kuanzia ncha isiyokuwa yenyewe. Nilipounganisha vipande, sura nzima ya Bikira Maria, na taji lake na macho yake ya upole, ikawa imetua katikati ya makalio. Na sketi hiyo haikuwa ya mtu wa kucheza naye. Ilikuwa ya mama mmoja mnene, mwenye sauti, ambaye kila mtu alijua siku moja atakuwa prezida wa chama cha kina mama wa parokia. Nililia mpaka nikapata kwikwi.

Mama Mukubwa aliigeuza sketi huku na huku. Kisha akaenda ndani, akarudi na kitenge chake mwenyewe, ambacho hakikuwa kimekatwa bado.

"Kata hii ya ule mama," akaniambia. "Hiyo ingine italala kwangu."

"Lakini wewe utavaa nini kesho?"

"Nitaivaa hiyo. Niko na kikwembe ya kufunga juu. Nani ataniangaliaka makalio na hii uzee?"

Akacheka. Usiku haujaingia alikuwa ameingiza mishono ya pembeni vidole vinne kila upande, maana yeye alikuwa mwembamba kama mti wa ufagio. Kesho yake yule mama mnene alivaa sketi safi, akasifiwa, akanisifia na mimi. Mama Mukubwa aliandamana nyuma yake na kitenge cha pili kimefungwa kiunoni. Akaendelea hivyo kila sikukuu, kila mazishi, miaka yote. Siri ile ilikuwa yetu wawili tu, na mimi nilikua fundi juu ya siri ile.

Mnajua mto Lhubiriha, ule wa mpakani. Siku nyingi unapita chini kule bila makuu, watu wanafua, kisha mvua inanyesha milimani na unakuja na mawe na migomba. Msimu mmoja uliopita ulikuja ukabeba kanisa la walokole, lililokuwa la mabanzi na mabati karibu na ukingo. Hakufa mtu. Lakini Jumapili iliyofuata walisimama barabarani, kama watu arobaini hivi, na ngoma yao iliyolowa, hawajui waende wapi. Mama Mukubwa akawaona. Uani kwake alikuwa na turubai kubwa la kuanikia kahawa, sisi tunaita bache, na msimu wa kahawa ulikuwa haujafika.

"Mukuje musali hapa," akawaambia. "Lakini biatu mutoe. Hapa tunaanikiaka kahawa."

Ndivyo ilivyoanza. Walokole wakawa wanasali uani kwa Mkatoliki, miguu mitupu, Jumapili alasiri na Alhamisi alasiri, huku mwenye nyumba amekaa mlangoni na rozari yake mkononi. Hakujiunga nao. Hata siku mchungaji wao alipoanza kupiga kelele juu ya watu wanaoabudu sanamu, alimkatiza kutoka kwenye kiti chake: "Pasta, ile ya sanamu utahubiria fasi ingine. Hapa iko bache yangu." Mchungaji akageukia Zaburi.

Sasa niseme la kwangu, kwa sababu nikilificha hili mengine yote yatakuwa uongo. Mimi sina mtoto. Nimewasha mishumaa, nimefanya novena, nimekunywa dawa za mizizi kutoka Kyondo zilizonikausha ulimi. Niliposikia kwamba mchungaji yule akiombea wanawake wanapata, nilijifunika kanga kichwani nikaenda Alhamisi. Nilivua viatu ukingoni mwa turubai kama wengine. Na hapo, kati ya ndala na mabuti ya mpira, nikaona viatu ninavyovijua. Vilikuwa viatu vya ngozi nyeusi, mkanda wa kushoto umeshonwa kwa uzi mwekundu. Uzi ule nilikuwa nimeushona mimi, kwa cherehani changu, kwa sababu siku ile sikuwa na mweusi. Vilikuwa vya Mama Prezida. Ndiyo, yule mama mnene wa sketi, ambaye wakati huo alikuwa ameshachaguliwa.

Alikuwa mbele, amejifunika, analia. Mwanawe alikuwa amerudi ng'ambo ya mpaka kufuata biashara na simu yake ilikuwa haipatikani tangu miezi kadhaa. Sikumcheka. Nilijua kabisa anachotafuta. Tulipogeuka kuondoka macho yetu yakakutana, yeye akaangalia viatu vyake, mimi nikaangalia vyangu, tukapita kila mtu njia yake. Mama Mukubwa alituona sote wawili kutoka mlangoni na hakusema kitu, si siku ile wala siku nyingine.

Halafu, haukupita mwezi, Mama Prezida akaitisha mkutano wa chama baada ya misa. Agenda ilikuwa moja: mwenzetu amegeuza boma la Mkatoliki kuwa kanisa la walokole, na watoto wetu wanavutwa huko. Aongee. Awafukuze, au arudishe sare.

Nadhani aliogopa. Nadhani alitaka kuwa wa kwanza kurusha jiwe ili asiulizwe alikuwa amesimama wapi. Hilo nalielewa pia, na ndilo linalonikera zaidi, kwamba nalielewa vizuri hivyo.

Mama Mukubwa alikuja na fimbo, miguu imeshaanza kuvimba. Alisimama akasema maneno machache tu. "Bale batu maji ilibeba kanisa yabo. Kama maji ingebeba yetu, mungetaka tusalie wapi?" Kisha akaondoka bila kusubiri. Mama Prezida akauliza nani anakubali sare irudi. Mikono ikainuka. Wangu pia. Nilikuwa nimeagizwa sare mpya ishirini za sikukuu, na mbele yangu alikuwa amekaa mwanamke ambaye, nikifungua mdomo, angeweza kuuliza mimi nilijuaje kuhusu Alhamisi. Niliinua mkono mpaka usawa wa sikio, kana kwamba najikuna.

Wakanituma mimi kuichukua sare kwa kuwa mimi ndiye fundi, naijua nguo. Nilimkuta ameshaikunja. Ilinukia sabuni ya mche. Alinipa bila kunitazama vibaya, na hilo lilinichoma kuliko kama angenitukana.

Katika ukumbi wa parokia Mama Prezida aliikunjua ili kila mtu aone imerudi nzima. Akaigeuza. Halafu akaiinua juu kwa mikono miwili.

"Angalieni! Angalieni fasi sura iko! Miaka yote hii alikuwa anaikalia Mama Maria!"

Kina mama walishika midomo. Mmoja akafanya ishara ya msalaba. "Ndiyo maana alikuwa anafungaka kikwembe juu," mwingine akasema. "Alikuwa anaficha." Na Mama Prezida akamalizia, "Huyu hakukuwaka mwenzetu hata siku moja." Kisha akanikabidhi ile sketi. Kitu chenye sura takatifu hakitupwi jalalani, kinachomwa. "Mama fundi, weye uko na makaa. Uichome."

Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake. Neno lilikuwa fupi: ni mimi niliyekata. Niliikunja sketi, sura ikiwa ndani, nikaibana kwapani. Nilisema, "Sawa, Mama Prezida."

Baada ya hapo sikupata raha. Nilifungua kibaraza mapema nikakifunga mapema. Nilishona mkono wa kulia begani kushoto. Siku moja nilikwenda Kasese kununua vifungo, nikavinunua kwa dakika kumi, kisha badala ya kurudi nikapanda kwa miguu barabara ya Kilembe bila sababu, nikafika kwenye nyumba za zamani za mgodi, nikatazama mto Nyamwamba na mawe yake, nikageuka. Nilikuwa natembea kama mtu aliyesahau kitu dukani. Kila jioni niliweka makaa kwenye pasi, nikaitoa sketi, nikaiangalia, nikairudisha chini ya meza. Nilikuwa na hasira na kila mtu: na Mama Prezida, na mchungaji, na padri ambaye hajui kinachoendelea. Hata na Mama Mukubwa nilikasirika, kwa nini aliichukua ile sketi siku ile badala ya kuniacha nipigwe kofi moja tu yakaisha.

Lakini kilichokuwa kinatokea kwake hakikuwa mchezo. Kwetu mgonjwa wa chama huwa na zamu: leo huyu analeta maji, kesho yule anapika ugali wa muhogo, keshokutwa mwingine anafua. Yeye alikuwa ameondolewa kwenye zamu. Walokole walimletea maji, ndiyo, tena kwa moyo, lakini kulikuwa na kitu ambacho hawakuwa nacho. Padri wetu ana vigango vingi, vingine juu kabisa milimani, na anawapelekea wagonjwa Ekaristi kwa orodha anayoandikiwa na prezida wa chama. Jina la Mama Mukubwa lilikuwa limefutwa. Jumapili nne zikapita bila komunyo, na miguu yake haikuweza tena kupanda mpaka kanisani.

Nilimtembelea na kidumu cha maji. Alikuwa kitandani, miguu juu ya mto. Nikamwambia yote, hata la mkono wangu kuinuka, hata la sketi kuinuliwa juu ukumbini.

"Nilijua wataiona siku moja," akasema.

"Nitawaambia ni mimi."

"Uache. Bale bamama ndio banashonesha kwako. Ukisema, utakula nini?"

"Na wewe?"

Akageuza uso ukutani. Kisha akasema polepole, "Miye kitu moja tu. Sipendi kukufa bila komunyo. Hiyo tu ndio inanisumbua. Mengine ni maneno ya batu."

Nilitoka pale nimeacha kidumu, kizibo chake kiko mkononi mwangu. Nilifika nyumbani nikiwa bado nimekishika.

Jumapili niliivaa. Sikufunga kitenge cha pili. Ilinikaa sawasawa, kwa sababu mimi na yeye tuna mwili mmoja. Nilichelewa makusudi, watu wameshakaa, nikapita njia ya kati kutoka mlangoni mpaka benchi la mbele, na minong'ono ikanifuata nyuma kama kuku wanaofuata mtama. Nilifika kwenye benchi. Wote walipoketi kwa somo, mimi nikabaki nimesimama. Nilisimama somo la kwanza, nikasimama somo la pili, nikasimama mahubiri yote. Jasho lilinitoka. Mama Prezida, benchi la pili, alinivuta libaya, ile blauzi ya sare.

"Ikala chini!" akanong'ona. "Unatupatisha haya!"

Sikukaa. Wakati wa matangazo padri, ambaye ni mtu wa upande wa Kasese na Kiswahili chake ni cha huko, akavua miwani.

"Mama fundi, kuna shida gani? Misa yote umesimama. Unaumwa?"

"Padri, niko na tangazo."

Sauti yangu ilitoka nyembamba mpaka nikaionea aibu. Nikageuka, ili wote wanione mbele na padri anione nyuma. Nikasema sketi hii niliikata mimi, vibaya, mwaka wangu wa kwanza. Nikasema haikukatwa kwa ajili ya Mama Mukubwa. Nikapindua ukingo wa kiuno nikawaonyesha mshono ulioingizwa vidole vinne kila upande, kila mama pale aliyewahi kushona akaelewa kabla sijamaliza. Nikasema mwenye kipimo cha mwanzo aliondoka siku ile na kitenge cha Mama Mukubwa, na amekivaa mpaka leo, na Mama Mukubwa hakumwambia ili mimi nisifukuzwe kazi. Sikutaja ni nani. Hakukuwa na haja, watu walikuwa wanageuza shingo.

Kisha nikasema na lile jingine. Kwamba nimesali kwa walokole, pale kwenye turubai, kwa sababu nataka mtoto. Kwamba nikiwa nimetoka huko niliinua mkono ili mwenye turubai afukuzwe. Nilimwangalia Mama Prezida. Alikuwa anaangalia viatu vyake, ule mkanda wenye uzi mwekundu, na uso wake ulikuwa umekauka kama wa mtu anayesubiri kofi. Ningeweza kumpiga hilo kofi kwa neno moja. Namshukuru Mungu kwamba nilichoka kabla ya kufika hapo.

"Mama Mukubwa anataka komunyo," nikasema. "Ni hilo tu."

Padri alivaa miwani yake, akasema, "Tutaangalia," akatoa baraka. Nilitoka kanisani nikiwa nimekasirika tena. Tutaangalia! Sare tatu zilirudishwa kwangu kabla sijafika barabarani, wenyewe wakasema watatafuta fundi mwingine. Nyingine nane zilifuata wiki ile.

Lakini alasiri ile, nikiwa kwa Mama Mukubwa, padri alikuja. Alikuja peke yake, kwa miguu, bila kina mama wa kumsindikiza. Walokole walikuwa katikati ya wimbo uani. Alisimama ukingoni mwa turubai akiwa na kile kikopo kidogo cha Ekaristi kifuani, akatazama viatu vilivyopangwa, akainama akafungua kamba za vyake. Mchungaji alishusha mkono, ngoma ikanyamaza. Padri akapita katikati yao na soksi zake, moja ina tundu kwenye kidole, akaingia ndani kwa mgonjwa. Alipotoka walianza tena wimbo pale pale walipouachia.

Nilibaki na Mama Mukubwa. Uso wake ulikuwa umetulia kwa namna ambayo mimi sijawahi kutulia. Bado nilikuwa nimevaa ile sketi. Alinyoosha mkono akashika pindo, akalikagua kama anavyokagua kazi ya mwanafunzi, akaguna.

"Bananiambia ulisimama misa yote. Juu ya nini?"

Nikashangaa swali. "Ningekaaje, Mama Mukubwa? Sura ya Mama Maria iko pale nyuma. Sikuweza kumkalia."

Akaanza kucheka, akacheka mpaka kitanda kikatikisika na mimi nikashika mto usianguke.

"Weye na bale bamama muko kitu moja," akasema, akijipangusa macho. "Miye nilikuwa naikala. Misa yote, miaka yote. Na Mama Maria hakulalamikaka hata siku moja."

Akasukuma kigoda kwa fimbo yake, kile kile cha siku ya kwanza.

"Ikala," akasema.